Trekta likigoma kuwaka, watoto wawe wapi?

Mvua ya kwanza ikishuka Goweko, kila nyumba huwa na haraka yake. Mwenye jembe la mkono hulinoa, mwenye ng'ombe hutafuta nira, na mwenye trekta huenda kulitazama kama litawaka. Mvua za Tabora ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na anayechelewa kulima huchelewa kuvuna. Hatari kwa watoto huanza hapo, kwa sababu haraka ya baba na udadisi wa mtoto hukutana mahali pamoja, kwenye injini.

Chukua mfano wa familia yenye watoto watatu, mkubwa wa miaka 12 na mdogo wa miaka mitatu. Baba amerithi trekta la zamani linalotumia petroli. Tangu mwisho wa msimu uliopita limelala stoo, pembeni ya magunia ya mahindi. Leo limesukumwa hadi chini ya mwembe. Stata inazunguka vizuri, lakini injini haishiki.

Baba anajaribu mara ya pili na ya tatu. Anafungua galoni la petroli na kumimina kidogo kwenye kabureta. Bado kimya. Anachomoa waya wa plagi na kumwita kijana wake.

"Njoo ushike hapa, uniambie kama unaona cheche."

Kijana anakuja mbio, kwa kuwa hakuna kinachomfurahisha kama kuitwa kwenye kazi ya wakubwa. Mdogo wake anamfuata na kusimama karibu na galoni ambalo bado liko wazi. Hatua chache kutoka hapo, barazani, jiko la mkaa linachemsha maharage.

Mama anatoka ndani akiwa na mwiko mkononi. "Baba watoto, ngoja kwanza," anasema. "Hebu tazama nani amesimama wapi."

Baba anatazama. Cheche, petroli iliyo wazi, moto wa mkaa na watoto wawili, vyote viko ndani ya uwanja mmoja mdogo.

Hatari iko hewani

Wazazi wengi wanajua kwamba petroli inashika moto. Wachache wanajua kwamba kinachowaka kwanza ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata siku ya baridi, na kwenye jua la Novemba hutoa mwingi zaidi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautawanyiki haraka kwenda juu kama moshi. Hutambaa chini, usawa wa miguu ya mtu mzima na kifua cha mtoto mdogo, hadi ukutane na moto. Jiko lililo mbali na galoni linaweza kuuwasha, na moto ukarudi hadi kwenye galoni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 180,000 hufa kila mwaka kwa majeraha ya moto, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaopona mara nyingi hubaki na makovu yanayokaza viungo. Mtoto aliyeungua mkono anaweza kuhitaji matibabu ya muda mrefu ili aweze kushika kalamu tena.

Matrekta mengi yanayolima Tabora leo ni ya dizeli, na injini ya dizeli haina plagi za cheche. Lakini ya petroli yalitengenezwa kwa wingi zamani. Ferguson TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, ilitoka zaidi ya 500,000, na nyingi zilikuwa za petroli. Mkoa wa Tabora wenyewe una historia ndefu na mashine zinazogoma. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza 1947 ulikuwa na mashamba Urambo, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Sehemu kubwa ya matrekta yake, mengi yakiwa mitumba ya vita, iliharibika mapema na kukosa vipuri. Mradi uliachwa 1951.

Hata nyumba isiyo na trekta inahusika. Pikipiki ya bodaboda, pampu ya kumwagilia bustani na jenereta ya dukani vyote hutumia plagi, waya wa cheche na petroli. Vikigoma, mara nyingi hufunguliwa uani, watoto wakiwa wamezunguka.

Fundi anaanza na galoni

Katika mfano wetu, baba anakubali kumwita fundi kutoka Igalula. Fundi anafika kwa bodaboda akiwa na mfuko mdogo wa spana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Koili imekufa hii. Nimeshaanza kutafuta hela ya nyingine."

"Koili tutaihukumu mwisho, mzee. Kwanza nionyeshe petroli iko wapi."

Anafunga galoni na kulipeleka nyuma ya nyumba, kivulini. Anafunga koki ya petroli chini ya tangi. Anaomba jiko lihamishwe upande wa pili wa nyumba, kisha anasubiri petroli iliyomwagika ikauke na harufu iishe. Anaweka gia huru na kuzuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, mbele na nyuma. Halafu anachora mstari ardhini kwa kijiti, mbali na trekta, na kuwaambia watoto kwamba mchezo unaishia pale.

Mpaka hapo hajagusa waya hata mmoja, na tayari ameondoa sehemu kubwa ya hatari. Mzazi yeyote anaweza kufanya haya kabla fundi hajafika, na hayahitaji fedha.

Umeme una njia yake

Kosa la kawaida ni kubahatisha: leo plagi mpya, kesho koili mpya, keshokutwa betri ya kuazima. Fedha zinaisha, na kila jaribio linaongeza cheche na petroli uani. Mafundi wazuri hufuata njia ya umeme hatua kwa hatua.

Kwenye injini ya zamani ya petroli yenye betri, njia hiyo ni fupi. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye swichi ya ufunguo, kisha huingia kwenye koili. Kutoka koili, waya mwembamba huenda kwenye pointi, yaani vipande viwili vya chuma ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana injini inapozunguka. Kila vinapoachana, koili hutoa umeme wa maelfu ya volti. Huo hupita kwenye waya mnene, hugawanywa na distributa na kufika kwenye plagi, ambako hutoa cheche inayowasha petroli ndani ya injini.

Fundi anaanza na betri. Anasafisha ukungu mweupe na wa kijani kwenye vichwa vyake na kukaza nyaya. Anaangalia pia ni upande upi wa betri umefungwa kwenye bodi. Matrekta mengi ya zamani ya Uingereza yalifungwa chanya kwenye bodi, kinyume na magari ya leo, na anayebadilisha betri bila kutazama anaweza kuharibu vifaa.

Kisha anatoa taa ya kupimia, balbu ndogo ya volti sawa na betri, yenye nyaya mbili. Waya mmoja anaushikiza kwenye chuma safi cha bodi. Mwingine atakuwa akiugusisha hatua moja baada ya nyingine, ufunguo ukiwa umewashwa.

Anagusa mahali umeme unapoingia kwenye koili. Taa haiwaki.

"Umeona, mzee? Koili haijala chakula, halafu tunasema imekufa."

Anarudi nyuma hadi kwenye swichi. Upande wa kuingilia, taa inawaka. Upande wa kutokea, inawaka pia. Basi hitilafu haipo kwenye betri, haipo kwenye swichi, wala haijafika kwenye koili. Iko kati ya pale taa ilipowaka kwa mara ya mwisho na pale ilipokataa, kwenye waya mmoja usiozidi urefu wa mkono.

Fundi anaufuata kwa vidole, ufunguo ukiwa umezimwa na betri imefunguliwa. Nyuma ya paneli anakuta ganda la waya limetafunwa na nyuzi zake zimekatika. Ni panya. Trekta lililala miezi mingi pamoja na mahindi. Panya walifuata mahindi, na walipochoka na magunia walitafuna waya.

Baba anacheka, lakini si kwa furaha sana. Alikuwa karibu kukopa fedha za koili.

Taa ingewaka kwenye koili

Si kila mara tatizo ni panya. Kama taa ingewaka pale umeme unapoingia kwenye koili, hatua inayofuata ingekuwa upande wa pili, mahali waya unapotoka kwenda kwenye pointi. Injini ikizungushwa, taa inapaswa kuwaka na kuzima kwa zamu, pointi zikiachana na kugusana. Isipowaka kabisa, huenda pointi zimeng'ang'aniana, kondensa imepiga shoti, waya unagusa bodi, au koili yenyewe imekatika ndani. Ikiwaka bila kuzima, huenda pointi zina uchafu au hazigusani.

Pointi chafu husafishwa kwa msasa laini, kisha hupanguswa kwa karatasi ngumu safi. Nafasi kati yake zinapoachana huwa ndogo, chini ya nusu milimita. Fundi hupima kwa kipimo maalumu.

Mvua za kwanza huleta jambo jingine, unyevu ndani ya kifuniko cha distributa. Umeme wa maelfu ya volti hupenda njia rahisi. Kifuniko kikiwa na maji, ufa au mstari mweusi kama wa kalamu, cheche hupotelea humo na hazifiki kwenye plagi. Kitambaa kikavu kinaweza kumaliza tatizo. Kifuniko chenye ufa hubadilishwa.

Cheche bila mkono wa mtoto

Baada ya waya mpya kufungwa na kuzungushiwa tepu ya umeme, fundi anataka kuona cheche. Baba alikuwa amemkabidhi kijana kazi hiyo.

Umeme wa koili ni wa muda mfupi mno, na kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi huishia kuwa mshtuko. Hata hivyo mshtuko humrusha mtu, na karibu na injini mkono uliorushwa unaweza kuingia kwenye feni au mkanda. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au kifaa cha kusaidia mapigo, hatari ni kubwa zaidi. Cheche yenyewe, ikipigwa mbele ya tundu la plagi lililo wazi, inaweza kuwasha mvuke unaopumuliwa na injini.

Fundi anaacha plagi zote za injini mahali pake. Anachukua plagi ya akiba, anaichomeka kwenye waya mmoja na kuilaza kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta, ikiwa imeshikiliwa na klipu. Hakuna mkono wa mtu unaoigusa. Baba anazungusha stata kutoka kwenye kiti. Cheche ya buluu inaonekana, kali na ya kurudia. Ingekuwa hafifu na ya njano, fundi angerudi kwenye pointi na kondensa.

Sasa ndipo koki ya petroli inafunguliwa, baada ya plagi ya majaribio kuondolewa na waya kurudishwa mahali pake.

Bisibisi na mpini

Kuna njia mbili za mkato ambazo zimejeruhi wengi, na zote huanzia kwenye nyaya zilizochoka.

Ya kwanza ni kuwasha kwa bisibisi. Swichi ikifa, mtu husimama chini, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na kuunganisha vichwa vya stata kwa bisibisi. Kama gia imeingia, trekta huwaka na kuondoka papo hapo, na gurudumu kubwa la nyuma humpitia aliyesimama. Hili halibagui petroli wala dizeli. Watengenezaji waliliona mapema. Kwenye Ferguson TE20, stata huwashwa kwa kusogeza mti wa gia wenyewe hadi alama ya S, ili isiwezekane kupiga stata gia ikiwa imeingia. Bisibisi huondoa kinga ya namna hiyo kwa sekunde moja. Trekta liwashwe na mtu mzima aliyekaa kwenye kiti, gia huru, na hakuna mtu mbele wala nyuma.

Ya pili ni waya wa moja kwa moja kutoka betri hadi koili, unaofungwa "kwa leo tu" na kukaa miaka. Ubaya wake ni kwamba ufunguo hauzimi tena injini. Siku mtoto atakapoteleza karibu na mashine, baba atazungusha ufunguo na injini itaendelea kunguruma.

Wanaowasha kwa mpini wa kuzungusha nao wajihadhari. Cheche ikija mapema mno, injini hupiga mpini nyuma kwa nguvu. Katika tiba ya mifupa upo mvunjiko wa karibu na kifundo cha mkono uliopewa jina la madereva kwa sababu ya mipini ya magari ya zamani. Dole gumba liwekwe upande mmoja na vidole vingine, mpini uvutwe kwenda juu, na kazi hii asipewe mtoto.

Ajali ikitokea

Nguo zikishika moto, mtoto asikimbie. Alazwe chini na kugeuzwageuzwa, au afunikwe kwa blanketi zito. Nguo zilizolowa petroli zivuliwe mara moto unapozimwa. Zilizogandamana na ngozi ziachwe.

Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Ndoo na kikombe vinatosha pale pasipo na bomba. Bangili na pete zivuliwe kabla ya uvimbe. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na mtoto apelekwe zahanati au kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta, yai na majivu visipakwe. Hata asali, ambayo Tabora inasifika nayo, isipakwe nyumbani, kwa kuwa mhudumu anahitaji kuliona jeraha likiwa safi. Jeraha la usoni, mikononi, sehemu za siri au lililo kubwa kuliko kiganja cha mtoto halisubiri kesho.

Mtoto akinywa petroli, asitapishwe na asipewe maziwa. Hatari kubwa ni petroli kuingia kwenye mapafu, na kutapika huiongezea njia. Kikohozi, kupumua haraka au usingizi usio wa kawaida ni dalili za kukimbilia hospitali, lakini hata bila dalili apelekwe. Ndiyo maana petroli haiwekwi kwenye chupa ya soda au ya maji, na mtu mzima hafyonzi petroli kwa mpira na mdomo mbele ya mtoto atakayemuiga.

Tindikali ya betri ikiingia jichoni, jicho lisafishwe kwa maji mengi safi mfululizo kwa dakika 20, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo isichajiwe chumbani wala kumulikwa kwa kiberiti.

Na injini ikishawaka, isiachwe ingurume ndani ya stoo iliyofungwa. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja kwa watu kadhaa kwa pamoja, wote watoke nje kwenye hewa safi na kutafuta matibabu.

Kazi ya kijana

Mtoto wa miaka 12 akifukuzwa tu, atarudi kuchungulia. Katika mfano wetu, fundi anamwomba kijana alete daftari. Anakaa nyuma ya mstari na kuchora njia ya umeme: betri, swichi, koili, pointi, distributa, plagi. Kila taa inapowaka anaweka alama ya vema, na inapokataa anaweka mkasi. Ni yeye anayesema kwa sauti, kabla ya baba, "Basi ni huo waya wa katikati."

Mama naye anatoa masharti mawili kabla fundi hajaondoka. Mahindi na trekta havitalala tena stoo moja, na galoni la petroli litawekwa nje ya nyumba, kwenye kisanduku chenye kufuli. Baba anaongeza la tatu: ufunguo wa trekta utakaa juu ya kabati, mahali mdogo hafiki.

Injini inashika kwa mara ya kwanza. Watoto wanashangilia wakiwa nyuma ya mstari, na jioni hiyo shamba la kwanza linalimwa.